Gari la Familia Inayotarajia Mtoto: Kuchagua, Kukagua na Kununua

Gari linalonunuliwa wakati mama ni mjamzito litakuwa na abiria mmoja asiyeweza kukaa, asiyeweza kujishikilia na asiyeweza kuhimili uzito wa kichwa chake mwenyewe, na kwa sababu hiyo mambo ambayo wanunuzi wengi wamezoea kuyatanguliza, kama vile aina ya injini, rangi, mng'aro wa rimu na herufi ya namba ya usajili, hayana budi kushuka ngazi. Katika mwongozo huu kinachotangulia ni kiti cha mtoto, yaani kiti kidogo cha ziada kinachofungwa juu ya kiti cha nyuma cha gari na kumshika mtoto kwa mikanda yake. Gari huchaguliwa kwa kupimwa na kiti hicho, kisha kwa idadi ya watu watakaokuwapo nyumbani mtoto akizaliwa, na mwisho kwa uwezo wa mfuko wa familia. Mifano iliyotumika ni ya Tanzania, ambako magari mengi ya watu binafsi huwa yametumika kwanza Japani kabla ya kuteremshwa katika bandari ya Dar es Salaam, ingawa sehemu kubwa ya maelezo inafaa pia kwa Kenya na Uganda, kwa kuwa nchi hizo nazo huendesha upande wa kushoto na hupata magari yao katika minada ileile ya Japani.

Desturi iliyoenea ni mama kusafiri huku amempakata mtoto, na wengi huamini kwa dhati kwamba hakuna mahali salama kuliko kifuani pa mama. Imani hiyo ni sahihi nyumbani, lakini ndani ya gari linalotembea hushindwa na hesabu rahisi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri takriban mita 14 kwa kila sekunde. Likigonga kizuizi, na mwili wa abiria ukalazimika kusimama ndani ya umbali wa nusu mita, nguvu inayomvuta mbele hukaribia mara 20 ya uzito wake, maana yake ni kwamba mtoto mchanga wa kilo 4 humponyoka mama kwa nguvu ya mzigo wa kilo 80 hivi. Hakuna mikono inayoweza kuzuia mzigo huo. Kuzungusha mkanda mmoja juu ya mama na mtoto kwa pamoja huleta hatari ya namna nyingine, kwa sababu uzito wote wa mama humgandamiza mtoto kwenye mkanda. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inakadiria kwamba kiti cha mtoto kikitumika ipasavyo katika gari dogo hupunguza vifo vya watoto walio chini ya mwaka mmoja kwa asilimia 71, na vya watoto wa mwaka 1 hadi 4 kwa asilimia 54. Hakuna kifaa kingine ndani ya gari la familia changa kinacholeta faida ya kiasi hicho kwa bei yake, na ndiyo sababu kiti hununuliwa kwanza, hata kabla ya mnunuzi kukanyaga yadi ya magari.

Kichwa cha mtoto mchanga huchukua takriban robo ya urefu wote wa mwili wake, huku shingo ikiwa bado laini, hivyo kiti chake hufungwa kikitazama nyuma ya gari. Gari linaposimama ghafla, mgongo, shingo na kichwa huegemea kwa pamoja gamba la kiti, na nguvu ya mgongano husambaa juu ya eneo pana badala ya kuivuta shingo peke yake. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya viti vya watoto, R129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, hairuhusu mtoto kutazama mbele kabla ya kutimiza miezi 15, na chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimeshauri tangu mwaka 2018 kwamba mtoto aendelee kutazama nyuma kwa muda wote ambao kimo na uzito wake bado viko ndani ya kipimo cha kiti. Kiti kilichothibitishwa chini ya kanuni hiyo, au chini ya ile ya zamani ya R44, hubandikwa lebo ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara pamoja na namba ya nchi iliyokithibitisha. Mnunuzi akose rangi anayoipenda, lakini asikose lebo hiyo. Viti vya mitumba vinavyouzwa madukani na mitandaoni huvutia kwa bei, na vingi huonekana safi kabisa, ila plastiki iliyopitia ajali inaweza kuwa na ufa usioonekana kwa macho, tena povu na mikanda huchakaa kwa umri. Cha ndugu au rafiki ambaye historia yake inajulikana kinakubalika, mradi tarehe ya kutengenezwa, ambayo kwa kawaida huchapwa kwenye gamba upande wa chini au wa nyuma, iwe bado ndani ya muda uliowekwa na kiwanda. Kiti cha mtumba kisichojulikana kilikotoka ni afadhali kiachwe.

Kiti kikishapatikana, mnunuzi huenda nacho kila mahali anapokwenda kutazama gari, na asione haya kukitoa kwenye boksi mbele ya muuzaji. Kipimo cha kwanza ni cha urefu. Kiti kinachotazama nyuma huchukua nafasi kubwa kuliko watu wanavyofikiri, kwa sababu hulala kwa mteremko na ukingo wake wa juu hufika karibu na mgongo wa kiti cha mbele. Hufungwa kwanza nyuma ya kiti cha abiria, kisha mtu mzima hukaa kwenye kiti hicho cha mbele akiwa amekirekebisha kama atakavyosafiri. Magoti yake yakigusa dashibodi, gari hilo limeshindwa jaribio, hata kama injini yake inanguruma vizuri namna gani. Inafaa ibaki akiba ya sentimita kadhaa, kwani kiti cha kichanga huwa kidogo mara kichwa cha mtoto kinapobakiza chini ya sentimita 2.5 kufikia ukingo wa juu wa gamba, na kiti kitakachofuata kitakuwa kirefu zaidi huku bado kikitazama nyuma.

Upande wa kukifunga nao una sababu. Katika nchi inayoendesha kushoto, mlango wa nyuma wa kushoto hufunguka kuelekea ukingo wa barabara, hivyo mzazi humweka na kumtoa mtoto akiwa amesimama mahali pa waenda kwa miguu badala ya kusimama penye bodaboda na daladala. Magari ya Japani yalibuniwa kwa barabara za namna hiyohiyo, na baadhi yake yana faida ambayo wanunuzi wachache huitambua: Toyota Raum ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2003, haina nguzo ya katikati upande wa kushoto, kwa kuwa nguzo hiyo imejengwa ndani ya milango yenyewe, na mlango wa mbele ukifunguliwa huku wa nyuma ukitelezeshwa hubaki uwazi mpana ambao mzazi anaweza kuinama na kufunga mikanda ya mtoto bila kujipinda mgongo. Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, ambaye hutakiwa kuepuka kujipinda na kuinua vitu vizito kwa wiki kadhaa, jambo hilo si anasa. Nchini Burundi, ambako magari ya usukani wa kulia ni mengi ingawa nchi huendesha upande wa kulia, hesabu hugeuka, na mlango huohuo hufunguka katikati ya barabara.

Jaribio la pili huhusu namna kiti kinavyoshikwa na gari, na hapa ndipo tofauti za umri wa magari hujitokeza. Njia ya zamani ni mkanda wa kawaida wa gari, ambao lazima uwe wa sehemu tatu, yaani unaopita nyonga na bega. Magari mengi ya zamani huwa na mkanda wa nyonga pekee katikati ya kiti cha nyuma, na huo haufai kwa viti vingi vya watoto. Mnunuzi huvuta mkanda mpaka mwisho wake na kuukagua urefu wote kama una nyuzi zilizokatika au sehemu iliyokakamaa, huuvuta kwa ghafla ili kuhakikisha unakamata, kisha huangalia kama kifungio kinalia na kushika bila kulazimishwa. Mara nyingi mikanda ya nyuma ya magari haya huwa imezama chini ya kiti, au imefunikwa na makava ya viti yaliyoshonwa na fundi, na muuzaji husema ipo tu. Itolewe ionekane.

Njia ya pili huitwa ISOFIX, mfumo wa kimataifa wa vishikizo viwili vya chuma vilivyofungwa kwenye fremu ya gari, vikiwa vimeachana kwa sentimita 28, katika mkunjo kati ya mgongo wa kiti na makalio yake, ambamo ndimi za kiti cha mtoto huingia na kujifunga bila mkanda. Kiti cha kichanga kisichokuwa na kitako chenye ndimi hizo kitaendelea kutumia mkanda, kwa hiyo kitabu cha maelezo ya kiti husomwa kabla ya gari kusifiwa kwa vishikizo vyake. Japani iliwalazimu wazazi kutumia viti kwa watoto wa chini ya miaka 6 kuanzia Aprili 2000, lakini iliyalazimisha magari mapya kuwa na vishikizo vya kimataifa kuanzia mwaka 2012, na hiyo ndiyo sababu magari mengi yanayopendwa Tanzania, yale ya kati ya mwaka 2000 na 2008, ama hayana vishikizo au yana vya namna inayohitaji kiti maalumu cha gari hilo. Neno la muuzaji halihitajiki katika suala hili, kwani kidole kikipenyezwa ndani ya mkunjo wa kiti hugusa chuma au hakigusi kitu. Kwa vyovyote vile, kiti kikishafungwa hushikwa pale mkanda au ndimi zinapopita na kusukumwa kulia, kushoto na mbele. Kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, hakijafungwa barabara, na iwapo majaribio kadhaa hayajaleta nafuu, basi gari na kiti havipatani na kimojawapo hubadilishwa.

Mfuko wa hewa, ambao katika gereji hujulikana kwa herufi SRS zinazoonekana kwenye usukani na dashibodi, ni puto linalofumuka kwa sehemu ndogo ya sekunde gari linapogonga, na linapokutana na kiti cha mtoto kinachotazama nyuma hukipiga kwa nguvu inayoweza kuua. Kiti hicho hakiwekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Kwa watu wazima, hata hivyo, mfuko huo huokoa maisha, na mtoto anahitaji wazazi walio hai, hivyo ni muhimu kujua kama bado upo. Ufunguo ukizungushwa mpaka kabla ya kuwasha injini, taa ya SRS inapaswa kuwaka kwa sekunde chache kisha kuzimika yenyewe. Ikibaki imewaka, mfumo una hitilafu. Isipowaka kabisa, yawezekana balbu imetolewa ili kuficha hitilafu hiyo, na gari ambalo mifuko yake iliwahi kufumuka kisha dashibodi ikashonwa upya hufahamika zaidi kwa dalili hii ndogo kuliko kwa rangi iliyopulizwa nje.

Kuna suala jingine la mifuko ya hewa ambalo halijazungumzwa vya kutosha katika pwani ya Afrika Mashariki. Mifuko iliyotengenezwa na kampuni ya Japani ya Takata ilitumia kemikali ya amonia naitreti kama baruti ya kufumulia puto, na kemikali hiyo huharibika ikikaa miaka mingi katika joto na unyevunyevu, kiasi kwamba mfuko unapofumuka kopo lake la chuma linaweza kupasuka na kurusha vipande kwa abiria. Mamilioni ya magari ya Toyota, Honda, Nissan, Mazda na watengenezaji wengine yaliitwa kurudi viwandani, na Takata yenyewe iliomba kufilisika Juni 2017. Hali ya hewa inayoharakisha uharibifu huo ndiyo hali ya hewa ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Zanzibar. Gari lililouzwa nje ya Japani kabla ya kurekebishwa hulibeba tatizo lake mpaka huku, na njia ya kulibaini ni namba ya chesisi, ile inayoanza na herufi na tarakimu za muundo wa gari kama NCP60 kwa IST ya injini ya lita 1.3, ambayo huandikwa kwenye kadi ya gari na kugongwa kwenye bodi. Namba hiyo huingizwa katika ukurasa wa mtengenezaji wa Japani unaoonyesha magari yaliyoitwa kurekebishwa, au hupelekwa kwa wakala wa mtengenezaji huyo nchini. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na familia haipaswi kulipia gari kabla ya kuifanya.

Baada ya kiti, wahesabiwe watu. Nyumba yenye mtoto mchanga haiwi ya watu watatu kwa muda mrefu: bibi mzaa mama au mzaa baba huja kusaidia siku za arobaini, dada wa kazi huenda akawapo, na baba mwenye gari hupigiwa simu na ukoo mzima. Gari dogo kama Passo, Vitz au IST hubeba wazazi wawili na mtoto bila shida, hutumia mafuta kidogo na spea zake hupatikana kila mtaa, lakini kiti cha mtoto kikishafungwa nyuma, nafasi inayobaki kwa starehe ni ya mtu mmoja, na wa pili hukaa kwa kujibana. Familia inayojua itakuwa na watu watano garini itazame Spacio, Raum, Sienta au Wish kwanza, ikikumbuka kwamba safu ya tatu ya viti katika Sienta na Wish ikitumika, buti hubaki na nafasi ya mfuko mmoja au miwili tu, hali beseni, mkoba wa nepi na kigari cha mtoto vinasubiri kupakiwa. Noah na Voxy hutatua yote hayo kwa pamoja, na milango yake ya kutelezesha ni neema katika maegesho yaliyobanana ya Kariakoo, ingawa mlango wa umeme unapaswa kufunguliwa na kufungwa mara kadhaa wakati wa ukaguzi kwa kuwa nyaya na mota zake huchoka. Magari ya juu kama RAV4, X-Trail na Harrier hupendekezwa na wengi, na kwa familia inayoishi mtaa usio na lami ambao mvua za masika huugeuza mfereji, uwazi kati ya gari na ardhi ni hoja ya haki. Kwa familia iliyo kando ya barabara ya lami, fedha za ziada za kodi na mafuta zingeweza kununua gari jipya zaidi la chini.

Mama mjamzito naye aingie garini siku ya ukaguzi. Sehemu ya chini ya mkanda inapaswa kupita chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, na ya juu ipite kati ya matiti na kando ya tumbo. Iwapo ataendesha, kifua chake kiwe umbali wa walau sentimita 25 kutoka katikati ya usukani huku miguu ikifika vizuri kwenye pedali. Gari linalomlazimu ajivute kwa mikono ili atoke litamsumbua zaidi baada ya kujifungua.

Kiyoyozi, au AC kama kinavyoitwa na kila mtu, huhesabiwa kuwa kitu cha starehe na wauzaji hukiombea radhi kwa kusema kimeisha gesi tu. Gesi haiishi bila kuvuja, na mahali panapovuja panaweza kuwa paipu ya bei ndogo au kompresa nzima. Mwili wa mtoto hupata joto haraka mara 3 hadi 5 kuliko wa mtu mzima, na ndani ya gari lililoegeshwa juani joto huweza kupanda kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi katika dakika 10 za kwanza. AC iwashwe gari likiwa limesimama na limepata moto, iachwe kwa dakika kumi na tano, kisha mkono uwekwe mahali mtoto atakapokaa, kwani upepo wa baridi unaomfikia dereva huenda usifike nyuma. Hakuna AC wala dirisha lililoachwa wazi kidogo linalohalalisha kumwacha mtoto garini peke yake, hata kwa muda wa kununua vocha.

Ukaguzi wa kiufundi uliobaki haupishani sana na wa gari lolote, na fundi anayelipwa na mnunuzi, asiyefahamiana na dalali, anaufahamu: moshi, mafuta ya injini na ya gia boksi, rejeta, shokapu, bushi na breki. Mambo mawili yanastahili msisitizo. Tairi huonyesha umri wake kwa tarakimu nne ubavuni, ambapo 2319 humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019, na tairi lenye meno marefu lakini lililokakamaa kwa umri hudanganya macho. La pili ni kilomita. Gari lililopitia mnada wa Japani huwa na karatasi ya mnada inayotaja kilomita za siku hiyo, daraja la gari kama 4 au 3.5, na herufi R au RA kwa gari lililotengenezwa baada ya ajali. Mchoro wake mdogo huonyesha mikwaruzo kwa A, mabonde kwa U na paneli zilizobadilishwa kwa XX. Muuzaji anayeagiza magari huweza kuitoa akiombwa, na kilomita za karatasi zikizidi za dashibodi, mazungumzo yameisha.

Kodi ndiyo huwashtua wanaoagiza kwa mara ya kwanza. Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, hutumia thamani yake yenyewe ya gari pamoja na bima na usafirishaji, na tovuti yake ina kikokotoo ambacho humpa mnunuzi jibu kabla hajatuma hata senti. Kwa viwango vilivyozoeleka, gari la thamani ya shilingi 10,000,000 lenye injini ya ujazo wa sisi 1500 hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, yaani 2,500,000. Juu ya jumla ya 12,500,000 hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, yaani 625,000. Kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 juu ya vyote, yaani 2,362,500, na jumla huwa 5,487,500 kabla ya tozo ndogondogo. Gari hilohilo likiwa na umri wa zaidi ya miaka 10 huongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, na jumla hupanda hadi 9,912,500, karibu sawa na thamani ya gari lenyewe. Tofauti hiyo ya shilingi 4,425,000 ni sababu ya kutosha ya kulinganisha gari jipya kidogo la daraja la chini, lenye mikanda na vishikizo vya kisasa, na gari kubwa lililozeeka, badala ya kutazama bei ya tangazo pekee. Viwango hubadilika kwa Sheria ya Fedha ya kila mwaka kuanzia 1 Julai, hivyo gari linalotarajiwa kufika karibu na tarehe hiyo likokotolewe kwa tahadhari.

Anayenunua gari lililokwisha kusajiliwa huepuka mchakato huo, lakini hubeba mzigo wa nyaraka: jina lililo kwenye kadi lifanane na la anayepokea fedha au kuwe na mkataba unaounganisha mikono yote iliyopita, faini za barabarani zitazamwe katika mfumo wa polisi kwa namba ya gari, na umiliki uhamishwe mara moja. Bima ndogo, inayolipia madhara kwa watu wengine tu, imekuwa ikigharimu shilingi 118,000 kwa mwaka kwa gari la binafsi, ilhali bima kubwa, inayolipia pia gari lenyewe, hukaribia asilimia 3.5 ya thamani yake pamoja na kodi. Kwa familia iliyoweka karibu akiba yake yote katika gari, bima kubwa ya mwaka wa kwanza ni busara. Gharama za kujifungua, pamoja na uwezekano wa upasuaji, zitengwe katika akaunti isiyoguswa kabla ya bei ya gari kujadiliwa. Gari linalomaliza fedha za hospitali limenunuliwa mapema mno.

Muda wa mimba hutosha kwa yote haya, mradi kazi isianze mwishoni. Meli kutoka Japani huchukua takriban mwezi mmoja na zaidi, na kutoa gari bandarini, kulikagua na kulisajili huongeza wiki nyingine, kwa hiyo anayeagiza afanye hivyo mimba ikiwa na miezi minne au mitano. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84 lakini inamhakikishia baba siku 3 tu, na siku hizo si za kujifunza kufunga kiti. Kiti kifungwe katika wiki ya 36, baba na mama wote wafanye zoezi la kukifunga na kukifungua, na mwanasesere au taulo lililokunjwa litumike kurekebisha mikanda, ambayo kwa kiti kinachotazama nyuma hutokea usawa wa mabega au chini yake kidogo. Mtoto hafungwi akiwa amevingirishwa blanketi au khanga, kwa kuwa kitambaa hicho husinyaa katika mgongano na kuacha mikanda ikiwa legelege. Hufungwa kwanza, mkanda ukazwe mpaka vidole visiweze kuufinya begani, kisha khanga hutandazwa juu yake.

Safari za miezi ya mwanzo ziwe fupi, na mtu mzima mmoja akae nyuma kando ya mtoto, kwa sababu kichwa cha kichanga kikiinamia kifuani njia yake ya hewa huweza kubanwa. Inapolazimu kwenda mbali, kwa mfano kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi kumwonyesha mtoto kwa wazee, mtoto hutolewa kitini na kulazwa au kunyooshwa walau kila baada ya saa mbili, na vituo kama Chalinze, Korogwe, Mombo na Same huipanga safari hiyo vizuri. Kunyonyesha hufanyika gari likiwa limesimama, hata mtoto akilia kwa kilomita kadhaa kabla ya kupatikana mahali salama pa kuegesha.